Mng'ao Geuzi: Rangi Zinazofichua Protini na Utando wa Seli, na Haja ya Kuzieleza kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Emerging Infectious Diseases lilichapisha taarifa fupi kuhusu popo aliyenaswa katika eneo la Milima ya Taita. Katika viungo na kinyesi cha popo huyo watafiti walikuta RNA, yaani maandishi ya kijenetiki, ya kirusi cha Bombali, ambacho ni cha jamii moja na virusi vya Ebola. Kirusi hicho kilikuwa kimeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018 kutoka Sierra Leone, umbali wa zaidi ya kilomita 5,500 kutoka Taita. Watafiti hao, ambao walitoka Kenya, Finland na kwingineko, hawakuishia kwa popo. Walichunguza pia sampuli za wenyeji waliokuwa wameugua homa na waliosema wamewahi kukaribiana na popo. Hawakupata RNA wala kingamwili za virusi vya aina hiyo.

Taarifa hii si jambo dogo kwa mkazi wa Voi, Mwatate au Wundanyi. Popo anayehusika, ambaye wataalamu humwita Mops condylurus, hula wadudu na hupenda kuishi katika mapaa ya majengo ya watu. Mkazi anayesikia kwamba damu ya jirani zake imepimwa na kingamwili hazikuonekana ana haki ya kuuliza: mmejuaje? Mmekionaje kitu ambacho hata hadubini ya kawaida haikioni? Swali hilo lina jibu zuri, na aghalabu jibu lenyewe hupitia kwenye rangi maalumu zinazong'aa zinapomulikwa. Tatizo ni kwamba jibu hilo limezoeleka kutolewa kwa Kiingereza, na linapofika kwa mwananchi huwa limefupishwa mpaka limebaki neno moja: hasi au chanya.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza jinsi rangi hizo zinavyofanya kazi na jinsi zinavyotumiwa kuchunguza protini na utando wa seli. Pili, yanapendekeza istilahi zinazoweza kubeba maelezo hayo kwa Kiswahili, na kuonyesha kwa nini uteuzi wa istilahi katika suala hili unaweza kumfaa au kumdhuru mwananchi.

2.0 Kung'aa kwa namna tatu

Kiswahili kina hazina kubwa ya vitenzi vya nuru: kung'aa, kumeta, kumetameta, kuwaka, kumulika, kuakisi. Hata hivyo, vingi vya vitenzi hivi hutofautisha jinsi nuru inavyoonekana machoni kuliko jinsi inavyozalishwa. Sayansi hushughulika na hilo la pili. Ili kulibainisha, tuchukue mifano mitatu iliyo karibu na Voi.

Mfano wa kwanza ni macho ya mnyama usiku. Dereva anayepita katika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kandokando ya Mbuga ya Tsavo, huweza kuona macho mawili yakimeta gizani. Macho hayo hayana nuru yake yenyewe. Yana tabaka la ndani linalorudisha nuru ya taa za gari. Taa zikizimwa, macho nayo hupotea. Huku ni kuakisi: nuru iliyokwenda ndiyo iliyorudi.

Mfano wa pili ni kimulimuli. Mdudu huyu hahitaji taa ya mtu. Nuru yake huzalishwa na kemikali zilizo mwilini mwake zinapoungana na oksijeni. Huku ni kuzalisha nuru.

Mfano wa tatu ni yakuti nyekundu ya Mangari. Eneo la Mangari katika Kaunti ya Taita Taveta linajulikana duniani kwa vito hivyo tangu miaka ya 1970. Yakuti hiyo ikiwekwa gizani na kumulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni, jiwe hung'aa kwa wekundu mkali kana kwamba lina kaa la moto ndani yake. Si kuakisi, kwa sababu nuru nyekundu haikuwamo katika mionzi iliyotumwa. Wala si kama kimulimuli, kwa sababu mionzi ikikatwa wekundu nao hukoma mara moja. Chembe za kromiamu zilizomo ndani ya jiwe zimepokea nuru ya aina moja na kuitoa ikiwa ya aina nyingine.

Namna hii ya tatu ndiyo kiini cha makala haya. Mwaka 1852 mwanafizikia George Gabriel Stokes aliichunguza kwa makini na kuipa jina la Kiingereza linalotumika hadi leo. Alilichukua jina hilo kutoka katika madini ya fluoraiti, ambayo baadhi yake hung'aa kwa namna hiyo. Miongoni mwa vitu alivyovichunguza ni maji yenye kwinini, dawa ile ile ya malaria ambayo wazee wetu wanaukumbuka uchungu wake. Maji hayo, ambayo kwa kawaida hayana rangi, hutoa nuru ya buluu yanapopigwa na urujuanimno.

Maelezo yake ni haya. Molekuli inapopokea nuru, nishati yake hupanda. Haiwezi kukaa katika hali hiyo. Sehemu ya nishati hupotea kama joto, na iliyobaki hutolewa tena kama nuru, kwa kawaida ndani ya sehemu chache za bilioni za sekunde. Kwa kuwa nishati iliyotolewa ni pungufu, mawimbi ya nuru hiyo huwa marefu zaidi. Rangi ya fluoreseini, ambayo Adolf von Baeyer aliitengeneza mwaka 1871, ni mfano mzuri: hupokea vyema nuru ya buluu yenye mawimbi ya takriban nanomita 495 na kutoa nuru ya kijani ya takriban nanomita 520.

Pengo hilo la nanomita 25 linaweza kuonekana dogo, lakini ndilo linalofanikisha kazi yote. Kati ya sampuli na jicho huwekwa kichujio kinachozuia buluu na kupitisha kijani pekee. Nuru iliyotumwa haifiki machoni. Kinachofika ni ile iliyotolewa na rangi. Nyota zipo angani mchana kama zilivyo usiku, ila giza ndilo linalozidhihirisha. Vivyo hivyo, hadubini ya aina hii huifanya sampuli nzima kuwa usiku, ili mahali penye rangi pekee paonekane.

3.0 Utando wa seli na protini zake

Kila seli imezungukwa na utando. Utando huo umejengwa kwa tabaka mbili za molekuli za mafuta zilizopangana mgongo kwa mgongo, na unene wake ni takriban nanomita 5 hadi 10. Hadubini ya kawaida ya nuru haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kwa chini ya takriban nanomita 200. Kwa hiyo kupima unene wa utando kwa hadubini hiyo hakuwezekani. Lakini kujua utando uko wapi, na nini kimo ndani yake, kunawezekana ikiwa utatiwa rangi. Taa ndogo ya nyumba iliyo ng'ambo ya bonde huonekana hata kama mlango na dirisha havionekani.

Zipo njia tatu kuu za kufanya hivyo.

Njia ya kwanza ni kutumia rangi inayopenda mafuta. Baadhi ya molekuli hazitoi nuru ya maana zikiwa ndani ya maji, lakini zikizama katika mafuta ya utando hung'aa sana. Mtafiti huzitia katika seli, na utando hujichora wenyewe.

Njia ya pili ni kuifunga rangi kwenye kingamwili. Kingamwili ni protini ambayo mwili hutengeneza ili ishikamane na kitu kimoja mahususi, mfano wa ufunguo na kufuli yake. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kingamwili inaweza kufungwa rangi bila kupoteza uwezo wake wa kushika. Tangu hapo, protini yoyote ambayo kingamwili yake inapatikana iliweza kutafutwa na kuonekana mahali ilipo.

Njia ya tatu ni kuifanya seli itengeneze protini inayong'aa yenyewe inapomulikwa. Mwaka 1962 Osamu Shimomura na wenzake walieleza jinsi walivyoitenga protini ya namna hiyo kutoka kwa yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini anayewasha ngozi. Miongo mitatu baadaye jeni yake ilipandikizwa katika viumbe wengine. Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008 kwa kazi hiyo.

Thamani ya rangi hizi inaonekana vizuri katika jaribio la mwaka 1970 la Larry Frye na Michael Edidin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Wakati huo haikuwa wazi kama protini za utando zimekazwa mahali pake kama matofali ukutani au zinatembea. Wawili hao waliunganisha seli ya binadamu na seli ya panya ikawa seli moja. Kwa kutumia kingamwili, protini za panya zilitiwa rangi ya kijani na za binadamu rangi nyekundu. Mwanzoni nusu moja ya seli ilikuwa ya kijani na nusu nyingine nyekundu. Baada ya takriban dakika 40 katika joto la sentigredi 37, rangi hizo zilikuwa zimechanganyika katika seli nyingi. Joto liliposhushwa chini ya sentigredi 15, mchanganyiko ulizuiliwa sana.

Hitimisho lilikuwa wazi. Utando si ukuta. Ni kama mafuta yanayoelea juu ya mchuzi: yakiwa na joto hutiririka na kubeba vilivyomo, yakipoa huganda. Mwaka 1972 S. J. Singer na Garth Nicolson walitoa kielelezo cha utando kama kiowevu chenye protini zinazoelea ndani yake, na jaribio la Frye na Edidin likawa mojawapo ya ithibati zake.

Jambo hili linahusiana moja kwa moja na kirusi cha Bombali. Virusi vya jamii ya Ebola huvaa utando unaotokana na seli vilimozaliwa, na juu ya utando huo husimama protini ya kushikia. Protini hiyo hulazimika kukutana na protini nyingine ya seli, iitwayo NPC1, iliyo katika utando wa vifuko vya ndani ya seli. Uchunguzi wa maabara uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba protini ya kushikia ya kirusi cha Bombali inaweza kukiwezesha kirusi kuingia katika seli za binadamu. Hata hivyo, kuweza kuingia si sawa na kusababisha ugonjwa, na hakuna mgonjwa aliyethibitishwa kuugua kutokana na kirusi hiki. Ndiyo maana kutafuta kingamwili kwa wakazi kulikuwa na umuhimu: mwili uliowahi kukutana na kirusi huweza kubaki na kumbukumbu ya mkutano huo.

4.0 Jaribio la kingamwili hatua kwa hatua

Kumbukumbu hiyo husomwaje? Mojawapo ya njia zinazotumika katika maabara duniani hufuata hatua zifuatazo.

(a) Seli zinazokuzwa maabarani hupewa jeni ya protini moja tu ya kirusi, nazo huitengeneza. Kirusi kizima hakihitajiki, hivyo hatari hupungua. Seli hizo hugandishwa juu ya kioo cha slaidi.

(b) Damu ya mtu hutengwa, na seramu yake, yaani majimaji yanayobaki baada ya damu kuganda, humwagiwa juu ya seli hizo. Iwapo ina kingamwili za protini ile, zitashikamana nayo.

(c) Slaidi huoshwa. Kisichoshikamana huondoka.

(d) Huongezwa kingamwili ya pili, iliyofungwa rangi ya fluoreseini, ambayo kazi yake ni kushika kingamwili yoyote ya binadamu. Kama ile ya kwanza ipo, hii ya pili itaipanda mgongoni.

(e) Slaidi huoshwa tena na kumulikwa kwa nuru ya buluu. Seli ziking'aa kijani, kingamwili ilikuwamo. Zikibaki giza, haikuonekana.

Kando ya slaidi hiyo huwekwa nyingine za kulinganishia: seramu inayojulikana kuwa na kingamwili, seramu inayojulikana kutokuwa nayo, na seli zisizo na protini ya kirusi. Bila hizo, mng'ao hauna maana, kwa kuwa hakuna cha kuulinganisha nao.

5.0 Mipaka ya kinachoonekana

Msomaji asidhani kwamba kila king'aacho ni ushahidi. Seli zenyewe zina molekuli zinazong'aa kiasi. Majani mabichi hung'aa wekundu yanapomulikwa kwa urujuanimno, kwa sababu ya klorofili yake. Isitoshe, kingamwili ya kirusi kimoja huweza kushika protini ya kirusi kingine kinachofanana nacho. Rangi nazo huchujuka zinapomulikwa kwa muda mrefu, jinsi kitambaa kinavyochujuka juani.

Giza nalo lina mipaka yake. Kutoonekana kwa kingamwili kunaweza kumaanisha kwamba mtu hajawahi kukutana na kirusi. Kunaweza pia kumaanisha kwamba kingamwili zake zimepungua kwa kupita kwa muda, au kwamba sampuli ilichukuliwa mapema mno kabla mwili haujazitengeneza. Kwa hiyo matokeo ya Taita yasomwe kama yalivyo: kwa watu waliochunguzwa, kilichotafutwa hakikuonekana. Hayasemi kwamba mtu anaweza kumshika popo bila hadhari. Wala hayatoi sababu ya kuwachoma popo au kubomoa makao yao, kwani popo hao hula wadudu wengi na kuwafukuza ovyo huwakaribisha karibu zaidi na watu.

6.0 Suala la istilahi

Tunafika sasa kwenye kazi inayowahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Tumwiteje Stokes kwa Kiswahili? Msomi wa Uganda, K. B. Kiingi, alipendekeza vigezo tisa vya kupimia istilahi, vinavyojulikana kwa kifupi PEGITOSCA. Hapa tutavitumia vinne: usahihi, uangavu wa maana, uzalishaji na ukubalifu.

Chaguo la kwanza ni kutohoa: fluoresensi. Neno hili ni la kimataifa na litamfaa mtaalamu. Lakini halina uangavu wowote kwa mkazi wa Voi. Hata katika Kiingereza halikueleza tendo lenyewe, bali lilitokana na jina la jiwe.

Chaguo la pili ni mng'ao pekee. Neno hili lina uangavu na linakubalika, ila halina usahihi. Macho ya mnyama, kimulimuli na yakuti vyote vina mng'ao. Kusema rangi ng'avu kunazidisha utata, maana kwa mtu wa kawaida hiyo ni rangi ya kitenge kinachopendeza. Neno rangi lenyewe lina maana mbili, kwa kuwa hutaja wekundu na vilevile kitu kinachotiwa ili kuleta wekundu.

Chaguo la tatu, ambalo makala haya yanalipendekeza, ni mng'ao geuzi. Sifa ya geuzi imeundwa kutokana na kitenzi geuza kwa njia iliyozoeleka, kama katika kigeuzi na mgeuzi. Inataja hasa kinachoitofautisha namna hii ya kung'aa: nuru iliyopokewa hugeuzwa kabla ya kutolewa. Istilahi hii inazalisha nyingine kwa urahisi:

Kitiarangi geuzi: kemikali inayotiwa katika sampuli ili itoe mng'ao geuzi.
Protini geuzi nuru: protini inayotoa mng'ao geuzi bila kutiwa rangi.
Hadubini ya mng'ao geuzi: hadubini inayochuja nuru iliyotumwa na kupitisha iliyogeuzwa.
Mng'ao bakizi: ule unaoendelea kwa muda baada ya mmuliko kukoma, kama wa baadhi ya mishale ya saa.
Mng'ao hai: ule unaozalishwa na kiumbe mwenyewe, kama kimulimuli.

Suala la mwisho ni maneno hasi na chanya. Katika mazungumzo ya kila siku, mtazamo hasi ni mtazamo mbaya na habari chanya ni habari njema. Mgonjwa anayeambiwa kwamba majibu yake ni hasi anaweza kurudi nyumbani na huzuni ilhali alipaswa kufurahi. Anayeambiwa kwamba majibu ni chanya anaweza kushukuru Mungu na kuacha kurudi kliniki. Afadhali kutaja tendo: kingamwili zimeonekana, au kingamwili hazikuonekana. Maneno haya yana faida nyingine, kwamba hayaahidi zaidi ya kilichofanyika. Yanasema kulikuwa na mtu aliyetazama, na alichokiona ni hiki.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba rangi za mng'ao geuzi hufanya kazi kwa kupokea nuru ya aina moja na kutoa ya aina nyingine, kwamba tofauti hiyo ndiyo inayowezesha protini na utando wa seli kuonekana, na kwamba njia hiyo hutumika kutafuta katika damu ya binadamu kumbukumbu ya virusi kama kile kilichokutwa kwa popo wa Taita. Yameonyesha pia kwamba maelezo yote haya yanawezekana kwa Kiswahili.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hadhi hiyo haitakamilika iwapo mwananchi anatoa damu yake kwa ajili ya utafiti kisha anaelezwa matokeo kwa istilahi asiyoielewa. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba idara za Kiswahili zishirikiane na idara za sayansi katika vyuo vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilicho karibu na Voi, ili fomu za ridhaa na taarifa za matokeo ziandikwe kwa Kiswahili kilichojaribiwa kwanza kwa wasomaji wenyewe. Istilahi zilizopendekezwa hapa nazo zipimwe kwa njia hiyo hiyo. Mkazi wa Mwatate akiusoma ukurasa wa maelezo, kisha akaweza kumweleza jirani yake kwa nini seli zilibaki giza na maana ya giza hilo, istilahi zitakuwa zimefaulu. Akishindwa, na zitafutwe nyingine.